Samaki, mayai, kunde au unga wa protini: chaguo la mgonjwa anayesafishwa damu

Mjomba wangu wa Ngamiani, hapa Tanga, alipokuwa akisafishwa damu, mizani ilitudanganya kwa miezi kadhaa. Kila alipomaliza kipindi chake cha saa nne na kupimwa, uzito ulikuwa kilo 62 zilezile, nasi tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Kilichotuzindua ni saa yake ya mkononi, ambayo ilianza kuteleza hadi karibu na kiwiko, pamoja na kanzu yake ya Ijumaa ambayo mabega yalikuwa yamelegea kana kwamba alikuwa ameazima. Nyama ya mwili ilikuwa inaondoka na maji yalikuwa yanachukua nafasi yake, kwa hiyo mizani haikuona tofauti.

Kosa letu lilikuwa la watu wengi. Kabla hajaanza kusafishwa damu aliambiwa apunguze nyama, samaki na mayai ili figo zilizochoka zisitwishwe mzigo, na agizo hilo lilikuwa sahihi kwa wakati wake. Alipoanza mashine, agizo liligeuka, lakini jikoni hakuna aliyegeuza kitu, na tuliendelea kumpa wali mweupe na mchicha tukidhani tunamhifadhi. Mwongozo wa Marekani wa lishe ya wagonjwa wa figo uliotolewa mwaka 2020 unapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa mtu anayesafishwa damu, ilhali mgonjwa asiye na kisukari ambaye bado hajafikia mashine hupangiwa kati ya gramu 0.55 na 0.60, chini ya uangalizi. Hiyo ni karibu mara mbili.

Sababu ya mgeuko huo ni kwamba mashine haichagui vizuri kama figo. Katika kila kipindi, pamoja na uchafu, huondoa takriban gramu 6 hadi 12 za amino asidi, yaani vipande vidogo ambavyo mwili hujengea misuli. Wale wanaosafishwa kwa maji yanayotiwa tumboni hupoteza protini kila siku kupitia maji hayo. Juu ya hapo kuna uvimbe wa ndani usioonekana, asidi iliyozidi katika damu ambayo huchochea misuli kuvunjwa, hamu ya kula iliyopotea, na siku nzima za kulala baada ya kipindi. Nishati nayo isipotosha, protini chache zinazoliwa huchomwa kama kuni, na mwili huanza kung'oa boriti za nyumba ili kuwasha jiko. Ndiyo maana mwongozo huohuo unataka kilokalori 25 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na ndiyo maana wali, ugali, mkate na mafuta ya kupikia si maadui wa mgonjwa huyu.

Swali linalobaki kwa familia ni protini hiyo itoke wapi. Hapa ninalinganisha njia nne ambazo mtu wa Tanga anaweza kuzipata: samaki wabichi, mayai, jamii ya kunde, na unga au vinywaji vya protini vinavyouzwa kwenye makopo. Kuku na nyama ya ng'ombe nitawagusa njiani, kwa kuwa kwa vipimo vingi wako karibu na samaki.

Mambo ya kupimia

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza ni kiasi cha protini katika mlo ambao mtu mwenye hamu ndogo anaweza kuumaliza. Cha pili ni fosforasi na potasiamu, kwa sababu figo zilizokufa haziyatoi madini hayo. Fosforasi ikizidi huleta mwasho na kudhoofisha mifupa na mishipa, na potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Cha tatu ni chumvi na maji, ambayo huongeza uzito kati ya kipindi na kipindi. Cha nne ni jikoni na mfuko: je, kinapatikana, kinapikika, na mgonjwa atakila wiki baada ya wiki bila kukinai? Kigezo hiki cha mwisho huachwa nyuma katika karatasi nyingi za ushauri, nami nakiona kuwa kizito kuliko vingine vyote, kwa kuwa protini iliyobaki kwenye sahani haijengi msuli wowote.

Kiasi cha protini

Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji kati ya gramu 60 na 72 kwa siku. Kipande cha samaki aliyepikwa chenye ukubwa wa kiganja bila vidole, ambacho ni kama gramu 100, hutoa gramu 20 hadi 25, na kuku bila ngozi au nyama ya steki hufikia hapo au huzidi kidogo. Yai moja kubwa lina gramu 6 hivi, na la kuku wa kienyeji, kwa udogo wake, lina chini ya hapo. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina takriban gramu 15. Kijiko cha kupimia kinachokuja ndani ya kopo la unga wa protini mara nyingi hutoa gramu 20 au zaidi, lakini hutofautiana kwa aina, na lebo ndiyo ya kusomwa.

Namba hizo hazisemi yote. Protini ya samaki, yai na maziwa imekamilika, maana ina amino asidi zote muhimu kwa uwiano ambao mwili unauhitaji. Protini ya kunde ina upungufu kidogo upande mmoja, upungufu ambao nafaka huuziba, hivyo maharage kwa wali au mbaazi kwa mahamri ni muungano wenye akili kuliko unavyoonekana. Tatizo la kunde ni ujazo. Kikombe kizima cha maharage hushibisha, na mgonjwa ambaye tumbo lake linajaa kwa vijiko sita hatakifikia chini. Kinyume chake, unga wa protini ukikorogwa katika nusu kikombe cha uji huingiza gramu nyingi bila kuongeza ujazo wa kutisha, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Yai liko katikati: dogo, laini, na linaweza kuliwa hata na mtu ambaye meno yake hayamsaidii.

Fosforasi na potasiamu

Hapa ndipo njia hizi nne zinapoachana kweli, na ndipo ushauri wa mitaani unapopotosha zaidi.

Samaki wa gramu 100 ana takriban miligramu 200 hadi 250 za fosforasi, na potasiamu ya kiasi cha kati. Kwa miaka mingi madaktari wamewawekea wagonjwa hawa kikomo cha miligramu 800 hadi 1,000 za fosforasi kwa siku, kwa hiyo vipande viwili vya samaki vinachukua karibu nusu ya nafasi. Hilo si la kuogopwa ikiwa mgonjwa ameandikiwa dawa ya kufunga fosforasi na anaimeza pamoja na chakula, si saa mbili baadaye anapoikumbuka, kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi tumboni ikikutana na mlo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza fosforasi kuliko mnofu wa changu au kolekole. Maini pia yana fosforasi nyingi.

Yai limegawanyika kwa namna ya ajabu. Karibu fosforasi yote iko kwenye kiini, na ute mweupe una gramu 3.6 hivi za protini huku fosforasi yake ikiwa chini ya miligramu 10. Sijui chakula kingine cha jikoni kwetu chenye uwiano mzuri kama huo. Ndiyo maana mgonjwa ambaye vipimo vyake vya fosforasi vinagoma kushuka huweza kushauriwa ale yai moja zima pamoja na ute wa mayai mawili au matatu, na viini vilivyobaki vikaliwe na watoto. Potasiamu ya yai ni ndogo.

Kunde zina sifa mbaya kuliko zinavyostahili. Ni kweli kwamba kikombe cha maharage kina fosforasi inayolingana na ya kipande cha samaki, lakini sehemu kubwa yake imefungwa katika umbo ambalo utumbo wa binadamu hauwezi kulifungua vizuri, hivyo inayoingia kwenye damu mara nyingi ni chini ya nusu. Zamani wagonjwa waliambiwa wasiziguse kabisa, na siku hizi ushauri umelegea. Kinachohitaji tahadhari ni potasiamu, ambayo katika kikombe kimoja hufikia miligramu 600 au kuzidi. Dawa yake ni ya jikoni: kuloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, kuchemsha kwa maji mapya mengi, na kumwaga tena kabla ya kuunga. Mchuzi mzito wa maharage usinywewe. Ukiunga kwa nazi, tumia tui la pili badala ya kasimile, kwa kuwa nazi nayo ina potasiamu.

Unga na vinywaji vya makopo ni jamii mbili tofauti zinazokaa kwenye rafu moja. Vile vilivyotengenezwa mahsusi kwa wagonjwa wanaosafishwa damu vimepunguzwa potasiamu na fosforasi kwa makusudi. Vile vya wanyanyua vyuma, na maziwa ya unga ya kawaida, havikutengenezwa kwa ajili yao. Ukiona neno fosfeti katika orodha ya viambato, fahamu kwamba fosforasi ya kuongezwa kiwandani hunyonywa karibu yote, tofauti na ile ya asili. Kanuni hiyo inagusa pia soseji na baadhi ya vinywaji baridi vyeusi. Na kwa kuwa tuko kwenye unga, niseme neno kuhusu uji wa lishe ambao majirani huuleta kwa nia njema kwa kila mgonjwa. Ule uliochanganywa soya, karanga, ulezi na wakati mwingine dagaa ni hazina kwa mtoto anayekua, lakini kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi ni mkusanyiko wa potasiamu na fosforasi katika bakuli moja. Usimpe kabla mtaalamu wa lishe hajaona mchanganyiko wake.

Chumvi na maji

Samaki mbichi wa Deep Sea au Sahare, hapa Tanga, ana chumvi kidogo, na mpishi ndiye anayeamua mwisho wake. Ng'onda na papa mkavu ni habari nyingine. Dagaa wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo hata wakioshwa wanabaki na chumvi ya kutosha kumfanya mgonjwa aamke usiku akitafuta maji. Kikomo kinachopendekezwa kwa siku nzima ni sodiamu isiyofika gramu 2.3, ambayo ni karibu kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye mkate. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na bizari vinaweza kubeba ladha ya samaki wa kupaka bila msaada mkubwa wa chumvi, na jikoni za pwani hazijawahi kupungukiwa viungo hivyo. Ukwaju utiwe kidogo, kwa maana una potasiamu. Birimbi nakuomba uiache kabisa, kwenye mchuzi na kwenye achari, kwa sababu ina asidi ya oksaliki nyingi ambayo figo hizi haziwezi kuitoa, na tunda la jamii yake lenye umbo la nyota limewahi kusababisha kwikwi isiyokatika, kuchanganyikiwa na hata degedege kwa wagonjwa wanaosafishwa damu.

Mayai hayana shida ya chumvi mpaka yakutane na chipsi. Chipsi mayai ya kibandani ni viazi vyenye potasiamu, chumvi ya kunyunyizwa na mayai mawili yaliyopotea katikati. Anayeipenda sana aipike nyumbani, viazi vikikatwa vyembamba na kuchemshwa kwanza kwa maji mengi yanayomwagwa.

Kunde za kupikwa nyumbani hazina chumvi ila unayotia mwenyewe. Vinywaji vya makopo huja na maji yake, na kila mililita huhesabiwa katika kiwango cha maji ya siku. Unga una nafuu hapo, kwa kuwa unaweza kutiwa kwenye uji ambao tayari umo katika hesabu.

Niongeze supu, ingawa haimo kati ya chaguo zangu nne, kwa sababu kwetu ndiyo ya kwanza kuletwa kwa mgonjwa. Mtu akikatika nguvu, huletewa supu ya kongoro au ya mifupa, na anapoimaliza kila mtu hupumua. Lakini protini imebaki kwenye nyama. Kilichohamia kwenye maji ni chumvi, potasiamu na sehemu ya fosforasi, pamoja na nusu lita ya maji ambayo mashine italazimika kuyavuta. Mpe nyama, supu anywe mwingine.

Jikoni na mfuko

Samaki ana faida ya nyumbani. Mtu wa Tanga aliyelelewa kwa kibua na tasi hahitaji kushawishiwa kula samaki, na chukuchuku nyepesi huvumilika hata siku ambayo harufu ya nyama inamchefua. Bei hupanda bahari ikichafuka na hushuka wavuvi wakipata, kwa hiyo familia isiyo na jokofu hutegemea bahati ya siku. Yai ndilo linalotabirika: huuzwa moja moja katika kila duka la mtaa, hukaa siku nyingi, na likichemshwa huingia mfukoni mwa mtu anayesafiri kutoka Pangani au Muheza alfajiri kuwahi mashine. Liive vizuri hadi ndani, kwa kuwa kinga ya mgonjwa huyu ni dhaifu.

Kunde ni nafuu kuliko zote na hukaa ghalani, ila zinakula mkaa na muda, na kazi yake ya kuloweka na kumwaga inahitaji mtu aliyepo nyumbani. Zina faida moja ambayo nyingine hazina: nyuzinyuzi zake hulainisha choo, na kufunga choo ni kero ya kudumu kwa watu hawa. Unga maalumu ndio ghali, haupatikani kila duka la dawa, na huchosha ulimi. Mwongozo wa 2020 unashauri ujaribiwe kwa miezi isiyopungua mitatu pale ambapo chakula cha kawaida kimeshindwa kukidhi mahitaji. Kwa hiyo kabla ya kununua kopo la kwanza, familia ijiulize kama itaweza kununua la tatu.

Nani achague nini

Kwa mgonjwa anayekula vizuri na ambaye fosforasi na potasiamu zake ziko katika kiwango, samaki wawe msingi, mayai msaidizi. Mayai mawili asubuhi, kipande cha samaki mchana na cha kuku jioni, pamoja na zile gramu chache zinazotoka kwenye wali na mkate, vinamfikisha wa kilo 60 kwenye lengo lake bila kununua kitu chochote cha kopo.

Fosforasi ikiwa juu, egemea ute wa yai, acha dagaa, soseji na maini, na kabla ya kulaumu chakula hesabu vidonge: mara nyingi dawa ya kufunga fosforasi imebaki kwenye pakiti.

Potasiamu ikiwa juu, kunde zipumzike au zipikwe kwa kumwaga maji mara mbili, na macho yageukie zaidi vitu visivyo na protini, yaani dafu, machungwa ya Muheza, ndizi, na futari ya tende, viazi vitamu na mihogo. Kabichi na matufaha ya Lushoto ni nafuu zaidi kwa mtu huyu.

Mkono ukiwa mfupi, kunde na nafaka zibebe siku nyingi za wiki na mayai yajazie, huku vipimo vya damu vya kila mwezi vikiwa ndiyo breki. Mpango huu unahitaji mpishi makini kuliko fedha.

Mgonjwa ambaye amepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake mkavu, yaani uzito usiohesabu maji yaliyozidi, ndani ya miezi 3, au ambaye albumini yake, ambayo ni protini ya damu, imeshuka chini ya gramu 3.8 kwa desilita, asisubiri samaki wamponye. Huyu ndiye hasa anayefaa unga maalumu, na anafaa pia kuchunguzwa meno, maambukizi, asidi ya damu na kama vipindi vyake vinakatishwa kabla ya wakati, kwa sababu sumu isiyosafishwa yenyewe huua hamu ya kula. Kama daktari ameruhusu, aanze pia kusimama kutoka kitini mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, kwani msuli usiotumika hupungua hata ukilishwa.

Siku ya mashine, uliza kituoni kama kula wakati wa kipindi kunaruhusiwa. Wengine shinikizo lao la damu hushuka wakila wakiwa wameunganishwa, na hao ni bora wale kabla ya kutoka nyumbani au mara wanapofunguliwa. Kwa wanaoruhusiwa, mayai mawili ya kuchemsha au kipande cha samaki ndani ya mkate hurudisha sehemu ya kile ambacho mashine inakichukua wakati huohuo.

Na kwa yule anayekula matonge matatu kisha akasukuma sahani, badilisha mpangilio wa sahani kabla ya kubadilisha chakula. Samaki atangulie, wali ufuate, mboga ziwe mwisho, na sahani irudi tena baada ya saa mbili ikiwa ndogo zaidi. Mjomba alianza kurudisha mkono wake kwa njia hiyo, na saa ilirudi kukaa kwenye kifundo kabla mizani haijaonyesha lolote.